Nimerithishwa mabango ya zamani ya dansi na makava ya santuri, nataka niyatundike sebuleni bila kuyaharibu

KijanaWaIlala

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na haya mambo maana sitaki kukurupuka.

Baba yangu mdogo alikuwa mpenzi wa dansi kupita kiasi, enzi zake Jumamosi humkuti nyumbani, na kila bango la shoo alilolipenda alikuwa anawaomba wenye bendi au anangoja shughuli iishe analibandua taratibu anaondoka nalo. Sasa amehamia kijijini Muheza, akanikabidhi sanduku la bati na kila kilichomo. Ndani kuna mabango kumi na kitu, mengine yamekunjwa mara nne, mengine yameviringishwa, kuna la JUWATA Jazz la mkesha wa mwaka mpya, la Mlimani Park, la Maquis, na moja la karatasi nyembamba ya gazeti limeandikwa NUTA Jazz kwa herufi nyekundu na nyeusi, hilo ndo nalipenda kuliko yote. Halafu makava ya LP (zile santuri kubwa), Mbaraka Mwinshehe, Franco na TP OK Jazz, Tabu Ley, na santuri ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika) nyingi tu. Na picha moja ya Tingatinga ya ndege wawili, imechorwa kwenye hadibodi.

Nataka sebule yangu iwe na hivi vitu, sio yale maua ya plastiki na saa kubwa kila nyumba unayoingia unaikuta ileile. Ila mke wangu anasema nisije nikageuza nyumba kuwa baa, na kusema kweli ana hoja. Sebule ina kuta mbili tu za maana, moja inatazamana na dirisha na jua la jioni linaingia moja kwa moja, nyingine nyuma yake kuna bafu.

Maswali yangu: nipige laminesheni kwanza? Jirani kaniambia nibandike kwenye plaiwudi kwa gundi ya mbao halafu nipige vanishi juu, eti itadumu milele. Nitundike yenyewe au nitoe kopi? Na fremu za aina gani? Natanguliza shukrani.

FundiFremu_Keko

Mkuu kabla hujafanya chochote, usipige laminesheni na usibandike kwenye plaiwudi. Nakuomba sana. Laminesheni ni joto na gundi, ile plastiki ikishashika karatasi haitoki tena mpaka uitoe na wino wake, na baada ya miaka inaanza kuvimba pembeni hewa inaingia na ukungu unaingia nao. Gundi ya mbao na vanishi ndo mbaya zaidi, vanishi inageuka njano na karatasi inakuwa ngumu inakatika yenyewe. Nimeshaletewa bango la namna hiyo na mteja analia anataka nilitoe, halitoki, hakuna fundi wa kulitoa.

Kanuni yangu kwenye karatasi ya zamani ni moja, chochote utakachokifanya leo mtu mwingine baada ya miaka ishirini aweze kukifungua. Kwa hiyo fremu inakuwa hivi, mbele kioo, halafu kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, halafu bango lenyewe, halafu kadi nyingine nyuma yake, mwisho hadibodi ya kufungia. Ile kadi yenye dirisha watu wanadhani ni urembo tu, kazi yake kubwa ni kuitenga karatasi isiguse kioo. Dar hapa unyevu ni mwingi, usiku kioo kinapoa kwa ndani kinatoa jasho, karatasi ikiwa imegusana nacho inanata, ukija kuibandua wino unabaki kwenye kioo. Hata nafasi ya milimita tatu inatosha.

Hizo kadi mbili ulizia zisizo na asidi, kwenye maduka ya vifaa vya sanaa unapata. Hadibodi na plaiwudi zina asidi yake, ikigusana na karatasi moja kwa moja miaka mingi inaacha madoa ya kahawia yanayofuata umbo la ubao, ndo maana picha nyingi za wazee wetu ukizifungua nyuma zimeungua rangi. Kwa hiyo hadibodi iwepo ila isiguse bango.

Kulishikilia bango usitumie selotepu wala gundi, tengeneza kona nne za karatasi, kama zile za albamu za zamani, bango linachomekwa kwenye kona na kona ndo zinagundishwa kwenye kadi ya nyuma. Bango linabaki huru kupumua, maana karatasi inatanuka na kusinyaa kufuata hali ya hewa, ukiibana pande zote inakunjamana.

Mbao, chukua mninga au mkongo kama mfuko unaruhusu, mchwa hawazipendi. Mbao laini za bei chee zinaliwa, na mchwa akimaliza fremu anahamia kwenye karatasi. Nyuma ziba pale fremu inapokutana na hadibodi kwa tepu ya karatasi pande zote ili mende na vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokula karatasi visipate njia. Kioo cha milimita 2 kinatosha kwa fremu ndogo, bango kubwa weka 3, au weka pespeksi, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, ni nyepesi na haivunjiki ila inachubuka upesi, ifute kwa kitambaa laini chenye maji tu.

Hiyo ya Tingatinga haitaki kioo kabisa. Ile ni rangi ya mafuta ya kung'aa, mzee Edward Tingatinga alianza na rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi miaka ya mwisho ya 60, na zinastahimili. Fremu ya ubao tu pembeni, futa vumbi kwa kitambaa kikavu basi.

SanturiNairobi

Niaje ndugu, salamu kutoka Nairobi. Mimi ni mkusanyaji wa santuri, huwa nazunguka pale duka la Melodica Tom Mboya Street na Kenyatta Market kila nikipata nafasi, so makava naweza kukusaidia.

Kwanza toa santuri ndani ya kava kabla ya kuframe. Najua inaonekana poa ikiwa na santuri yake ndani lakini santuri ni nzito, inasukuma kava kwa ndani inaacha alama ya duara mbele, na fremu ikipata joto la jua santuri inapinda, na kwa hizo za Mbaraka kupata nyingine si rahisi bana. Santuri weka wima kwenye kabati mahali pa baridi, kava tupu ndilo liende ukutani. Kava la LP ni kama sentimita 31 na nusu kila upande kwa hivo fremu za A3 hazikubali, upana wake ni 29.7 tu, lazima fundi akukatie. Kava za 45 ni kama 18.

Zile za 45 usizidharau kwa vile zimekaa plain. Ukiangalia utaona nyingi zina jina la kampuni tu na anwani ya Nairobi hata kama bendi ni ya Dar au Morogoro. Sababu ni kwamba Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri, bendi zilikuwa zinarekodi Radio Tanzania au zinakuja kurekodi huku, na santuri zenyewe zinatengenezwa Nairobi, halafu mpaka ukafungwa 1977 mpaka 1983 na hapo kazi ikawa ngumu kweli kweli. So hiyo karatasi yenye tundu ni historia ya nchi mbili hapo, na ukiweka sita au tisa za rangi tofauti kwenye fremu moja kubwa inatoka kitu safi sana. Chukua santuri iliyokwaruzika haipigiki tena, iweke ndani ya moja tu ili ile lebo ya katikati ionekane kwenye tundu.

Sasa hapa mimi na Fundi tutatofautiana kidogo. Kwa maoni yangu bango la NUTA la karatasi ya gazeti lisiende ukutani kabisa. Karatasi ya gazeti inageuka njano na kukatika ikikaa kwenye mwanga hata uiwekee kioo cha bei gani, ni vile imetengenezwa, haikukusudiwa kumaliza mwezi. Na wino mwekundu huwa unaenda kwanza, hizo posta za salon zilizobaki bluu tupu si ati zilichapwa bluu, nyekundu na njano zilikufa na jua. Piga scan, chapa kopi, kopi ndiyo uframe, original lala nayo kwenye droo ikiwa imenyooshwa katikati ya karatasi nyeupe zisizo na asidi. Halikai kwenye scanner? Lipige picha kwa simu au kamera ukiwa umelilaza chini kwenye kivuli kizuri cha mchana, bila flash, kamera ikiwa sambamba kabisa na karatasi, ama vipande vipande halafu mtu akuunganishie. Chapisha kwenye karatasi isiyong'aa. Ukiweka ya kung'aa nyuma ya kioo kinachong'aa hutaona chochote isipokuwa balbu yako.

Na kopi iwe ya ukuta wako tu, usianze kuchapa na kuuza, zile picha na michoro ina wenyewe.

KijanaWaIlala

Aisee nawashukuru sana, hiyo ya gundi ya mbao nilikuwa nishanunua kabisa. Sasa swali la kuta, nichague ipi, ya jua au ya bafu?

BiMkubwa_Maskati

Mwanangu mie ni Mzanzibari niko Maskati miaka mingi sasa, na hapa ukumbini kwangu nimetundika vitu vya taarab vya marehemu baba, ratiba za shoo za Ikhwani Safaa na picha za wapigaji na ala zao za nyuzi, kanuni na fidla, kwa hiyo suala la kuta nalijua vizuri.

Zote mbili hizo si nzuri, lakini ya jua ndiyo mbaya zaidi. Ukuta wa bafu angalau unaweza kuusaidia. Kwanza angalia kama unatoa unyevu, gusa kwa mgongo wa mkono asubuhi mapema, na tazama rangi chini kama inabanduka au inatoa chumvi nyeupe. Ukiwa mkavu, tundika, lakini nyuma ya kila fremu kwenye kona mbili za chini gundisha vipande vya kizibo au mpira ili fremu isilale juu ya ukuta, ipite hewa nyuma. Sisi nyumba za Mji Mkongwe tulilazimika kufanya hivyo, zile kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya maji kutoka chini na kuyatoa ndani mwaka mzima, picha ukiilaza bapa kwenye ukuta masika moja tu ukungu umeshapanda mgongoni. Na misumari haishiki, chokaa inamomonyoka, baba alikuwa anapigilia ubao mrefu juu kabisa karibu na dari kisha picha zote zinaning'inia kwa waya kutoka kwenye ule ubao. Ukuta hautobolewi hovyo na kila ukitaka kubadilisha unasogeza waya tu.

Huku Uarabuni shida ni nyingine, ni kiyoyozi. Nje mvuke, ndani baridi, ukizima ukiondoka likizo nyumba inapata joto na unyevu kwa pamoja. Usitundike kitu cha karatasi chini ya pale upepo wa kiyoyozi unapotokea, wala mkabala nao. Bora sehemu ambayo hali haibadilikibadiliki.

Na jua la jioni hilo, hata ukichagua ukuta wa pili, weka pazia zito la kufunga kuanzia saa tisa alasiri. Vipo vioo maalumu vinavyozuia mionzi ya jua inayofifisha rangi, ni ghali, mie nimeweka kwenye picha moja tu ya mama. Lakini vinapunguza tu, havikomeshi, kwani hata mwanga wa kawaida unaokula karatasi upo. Ninavyofanya, ninabadilisha. Nina fremu chache zinazofunguka nyuma kwa urahisi, kila baada ya miezi kadhaa vilivyokuwa ukutani vinaingia kabatini vipumzike, vilivyokuwa kabatini vinatoka. Wageni wakija wanakuta jambo jipya na karatasi zinaishi.

Huyo mkeo msikilize, na mpe achague yeye cha kutundika mwanzo.

DadaMapambo_Arusha

Bi Mkubwa shikamoo, hiyo ya kubadilisha nimeipenda sana, watu wengi wanataka kutoa vyote siku moja na hapo ndo nyumba inapokuwa baa kweli.

Kaka mi kazi yangu ni kupanga nyumba za watu, na nikuambie kinachofanya sehemu ionekane baa sio mabango yenyewe, ni wingi na kubanana na kila fremu kuwa na rangi yake. Baa wanabandika mpaka hakuna pa kubandika. Hayo mabango ya Dar ya zamani yalitengenezwa yasomeke kwa mbali, herufi nene zilizonyooka, rangi mbili au tatu, jina la bendi kubwa, ukumbi, siku, kiingilio. Sio kama yale ya San Francisco ya 1966 na 1967 waliyochora kina Wes Wilson na Victor Moscoso ambayo herufi zinayeyuka mpaka usimame karibu upambane kusoma, na ambayo siku hizi kila hoteli inanunua kopi zake mtandaoni. La kwako linataka nafasi tupu kuzunguka. Kwa hiyo bango moja kubwa juu ya sofa, peke yake, na dirisha pana la kadi nyeupe ya maziwa, sentimita 7 mpaka 10 kila upande, lina nguvu kuliko sita zilizobanana.

Fremu zote ziwe za aina moja hata kama saizi tofauti. Hiyo mninga aliyosema Fundi iachie rangi yake, usipake dhahabu, zile fremu za dhahabu zenye maua zinagombana na herufi.

Vipimo vyangu ni hivi. Katikati ya picha iwe kama sentimita 145 mpaka 150 kutoka sakafuni, watu wengi wanatundika juu mno karibu na dari kama picha ya ofisini. Sebuleni ambako watu wanakaa muda wote unaweza kushuka kidogo. Juu ya sofa acha kama sentimita 15 mpaka 20 kutoka mgongo wa sofa, na kundi zima lichukue kama theluthi mbili ya urefu wa sofa lisizidi. Makava ya LP yapange manne au sita kwa mistari iliyonyooka, nafasi kati yao sentimita 5 na isibadilike hata kidogo maana yana umbo moja na jicho linakamata kosa haraka. Kabla hujatoboa, kata magazeti kwa saizi ya kila fremu, yabandike ukutani kwa maskin tepu, ishi nayo siku kadhaa, mkae mle chakula, mwangalie. Mama akisema shusha unashusha gazeti tu. Ukiridhika ndo unaleta dirili na fisha (plagi za kushika skrubu ukutani), na kila fremu nzito iwe na ndoano mbili isije ikaegemea upande kila mlango unapofungwa.

Tingatinga usiichanganye kwenye kundi la mabango, rangi zake zitayameza. Ipe ukuta mfupi wa kwenye korido au karibu na meza ya chakula.

MzeeWaDansi

Nimesoma yote kwa furaha. Vijana mnaotunza haya mambo Mungu awabariki, maana mabango mengi yalifungiwa vitumbua.

Mimi naongeza jambo ambalo hamjaligusa, kwamba kabla hujatundika, yasome. Mabango yetu mengi yaliandika siku na tarehe bila mwaka, kwa sababu aliyechapa alijua wiki ijayo halina kazi. Lakini mwaka unaweza kuutafuta kwa jina la bendi. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, chama kilipobadilika kuwa JUWATA mwaka 1978 na bendi ikawa JUWATA Jazz, na 1991 ikawa OTTU Jazz. Bendi ni hiyohiyo, Msondo Ngoma. Kwa hiyo hilo la NUTA kwa vyovyote ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 70 na hilo peke yake ni sababu ya kulitunza kwa adabu.

Mlimani Park ilianzishwa 1978 ikiwa ya Tanzania Transport and Taxi Services, DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, waliichukua 1983. Bango likiandika DDC Mlimani Park Orchestra kama jina la bendi basi ni 1983 kuja mbele. Angalia majina ya waimbaji pia. Muhidin Gurumo alitoka JUWATA 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park, akakaa mpaka 1985 alipokwenda Orchestra Safari Sound, wana Ndekule, na baadaye akarudi Msondo. Ukimkuta yuko kwenye bango la Sikinde, yaani hao hao Mlimani Park, unajua ni katikati ya miaka hiyo. La Maquis likisema du Zaire, kumbuka nchi iliitwa Zaire kuanzia 1971 mpaka 1997.

Kuhusu kopi, namheshimu ndugu wa Nairobi lakini mimi nasema angalau moja liwe lenyewe ukutani, sio yote kopi. Mtoto wako akisimama mbele yake aone alama ya kukunjwa, aone tundu la pini, aone pale maji ya mvua yalipopita, ajue hiki kilikuwa kwenye ukuta wa Kariakoo watu wakakisoma wakaenda kucheza. Kopi haina hilo. Chagua lenye karatasi nzito, la NUTA lipumzike droo kama alivyosema.

Hilo la JUWATA la mkesha, limeandika siku gani ya wiki?

KijanaWaIlala

Mzee shikamoo, sikujua kabisa kama mwaka unatafutwa hivo. Limeandika Jumamosi tarehe 31 Desemba. Na hilo ndo lina karatasi nzito kuliko yote.

Fundi, swali lingine, hilohilo la JUWATA nyuma lina selotepu ya zamani imegeuka kahawia na limekunjwa mara nne, nilinyooshe kwa pasi? Na la Maquis lina madoadoa ya ukungu upande mmoja, nilianike juani?

FundiFremu_Keko

Pasi hapana, juani hapana. La kukunjwa lifungue taratibu, liweke kati ya karatasi nyeupe safi mbili au tatu, juu yake ubao mpana bapa na vitabu vizito, liache wiki kadhaa usiwe na haraka. Karatasi ikiwa kavu sana mpaka inatoa sauti ukiigusa usiilazimishe, iache kwanza chumbani siku chache ipate unyevu wa kawaida wa hewa, Dar unyevu haukosekani. Mistari ya kukunjwa haitaisha yote na sio lazima iishe.

Selotepu kama imeshaachia yenyewe na inainuka, iinue kwa kisu butu ukienda sambamba na karatasi, polepole, kama bado imeshika iache ilivyo. Ukivuta inatoka na ngozi ya bango. Usiweke petroli wala thina kama wanavyofanya wengine, inayeyusha gundi na wino pamoja na doa linasambaa upande wa mbele.

La ukungu litenge na mengine leo hii hii usisubiri. Liweke kivulini penye hewa mpaka likauke kabisa, halafu uende nje, vaa barakoa, pangusa kwa brashi laini ya kupakia rangi, tena brashi iwe mpya, ukielekeza mbali na wewe. Madoa yatabaki ila ukungu wa juu utapungua. Usilifremu mpaka uwe na hakika limekauka maana ukilifungia na unyevu ndani ya kioo umeujengea ukungu nyumba. Na lile sanduku la bati usirudishie karatasi humo, bati linatoa jasho usiku na kutu yake inahamia. Nunua boksi la plastiki lenye mfuniko au droo ya mbao iliyopakwa rangi zamani, na sakafuni usiweke.

Ukimaliza kufremu, kwenye kadi ya nyuma andika kwa penseli, sio kalamu ya wino, jina la baba mdogo, bendi, ukumbi na mwaka kama mzee atakusaidia kuupata.

MzeeWaDansi

Marahaba mwanangu. Tarehe 31 Desemba iliangukia Jumamosi mwaka 1977, 1983, 1988 na 1994. Mwaka 1977 chama kilikuwa bado NUTA, na 1994 bendi ilikuwa OTTU tayari. Kwa hiyo una 1983 au 1988. Angalia kiingilio shilingi ngapi, shilingi ilishuka sana kati ya miaka hiyo miwili, bei ya mlangoni itakuambia. Na mpigie baba yako mdogo simu umsomee maneno yote ya bango neno kwa neno, wapenzi wa dansi hatusahau tulikuwa wapi mkesha wa mwaka mpya.

KijanaWaIlala

Nimempigia sasa hivi mzee. Nilipofika kwenye jina la ukumbi akanikatisha, akaanza kunitajia nani alikuwa anapiga gitaa la solo usiku ule na baba yangu alivaa nini. Anasema ni 1983, ana uhakika, kwa sababu 1988 alikuwa Tanga kikazi. Kiingilio nimeshindwa kusoma, karatasi imekatika kidogo hapohapo, nitapiga picha kesho mchana kivulini niiweke hapa muisome na nyie.

Mama watoto kachagua la JUWATA ndo liende juu ya sofa. Makava manne ya LP ukuta wa bafu, nishaugusa ni mkavu, vizibo natafuta. Fundi nakuja Keko Jumamosi na vipimo.